Nta ndani ya kapsuli: namna ya kutunza joto na baridi

MAFUTA ya nazi yaliyomo kwenye chupa katika maduka ya Chanika hufanya jambo ambalo kila mnunuzi amelizoea. Mchana wa Februari huwa majimaji na angavu. Alfajiri ya Julai hukutwa yameganda na kuwa meupe, na mwenye duka hulazimika kuianika chupa juani kidogo kabla ya kumpimia mteja. (Chanika hii ni ile ya mjini Handeni, mkoani Tanga, si ile ya Ilala, Dar es Salaam.)

Badiliko hilo dogo ndilo msingi wa teknolojia ambayo kwa zaidi ya nusu karne imewashughulisha watafiti wa nishati duniani, yaani kuhifadhi joto au baridi ndani ya vitu vinavyoyeyuka na kuganda, kisha kuvitumia saa kadhaa baadaye mahali ambapo hakuna umeme. Vitu hivyo vikiwa na asili ya mimea, wanyama au mafuta ya petroli, kama vile nta ya mishumaa, asidi za mafuta na mafuta yenyewe ya nazi, huitwa dutu za kikaboni zinazobadili hali. Tatizo lake la kwanza linajulikana hata jikoni: zikiyeyuka, zinamwagika. Kwa sababu hiyo, habari ya teknolojia hii ni habari ya chombo kinachozibeba, kiwe mfuko, mpira wa plastiki au kapsuli ndogo isiyoonekana kwa macho.

Kwa wilaya kama Handeni na Korogwe, ambako zahanati nyingi ziko mbali na barabara kuu, jambo hili linagusa uhai wa watu. Chanjo iliyobebwa juu ya baridi isiyofaa huharibika bila kubadilika rangi wala harufu, na mtoto huchomwa sindano isiyomkinga.

Joto lililofichika

Kwamba kitu kinachoyeyuka humeza joto bila kupanda joto lake mwenyewe kulithibitishwa na Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Alilipa joto hilo jina la joto lililofichika, kwa kuwa kipimajoto hakilioni.

Kiasi chake ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi joto 0 za sentigredi huhitaji kilojuli 334 ili igeuke kuwa maji ya nyuzi hizo hizo 0. Joto hilo lingetosha kuyapasha maji hayo hadi karibu nyuzi 80. Nta ya parafini, ambayo si mafuta ya taa bali ni ile nta ya mishumaa na jamii zake, humeza takriban kilojuli 200 kwa kilo, zikipungua au kuzidi kulingana na aina.

Kwa hesabu hiyo, barafu inaishinda nta kwa mbali, tena maji ni bure na hayaungui. Nta ina sifa moja ambayo barafu haina: mtumiaji anaweza kuchagua ni kwenye nyuzi ngapi iyeyuke. Molekuli za parafini ni minyororo ya kaboni, na kila mnyororo unavyorefuka ndivyo nyuzi za kuyeyuka zinavyopanda. Yenye kaboni 14 huyeyuka karibu na nyuzi 6, yenye 16 kwenye 18, yenye 18 kwenye 28, na yenye 20 karibu na 37. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, huyeyuka kwenye nyuzi 44 ikiwa peke yake, ingawa mafuta yenyewe, kwa kuwa ni mchanganyiko, huyeyuka karibu na nyuzi 24.

Dutu ya namna hii inapoyeyuka au kuganda hung’ang’ania nyuzi zake hadi kazi iishe. Mwenye kuhitaji nyuzi 5, au 37, au 26, anaweza kupata nta ya kumshikilia hapo kwa saa nyingi. Barafu hushikilia 0 tu.

Chumvi nazo zina uwezo huo, na zilitangulia kujaribiwa. Mwaka 1948, katika mji wa Dover, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwanasayansi Mária Telkes na msanifu majengo Eleanor Raymond walijenga nyumba iliyopashwa joto na jua pekee, joto likiwekwa kwenye mapipa ya chumvi ya sodiamu salfeti inayoyeyuka kwenye nyuzi 32. Nyumba ilifanya kazi, lakini baada ya takriban misimu mitatu ya baridi chumvi ilikuwa imejitenga na maji yake na kutuama chini ya mapipa. Nta haijitengi hivyo, wala haili chuma. Ndiyo sababu watafiti wengi waliigeukia, pamoja na udhaifu wake.

Kazi ya ganda

Udhaifu huo ni mitatu, na wote hutibiwa, angalau kwa sehemu, na ganda.

Wa kwanza ni kumwagika. Wa pili ni kutanuka: parafini inapoyeyuka huongezeka ujazo kwa asilimia 10 au zaidi, hivyo chombo kilichojazwa hadi ukingoni hupasuka. Wa tatu, ambao wauzaji hupenda kuunyamazia, ni kwamba nta hupitisha joto kwa shida sana, takriban theluthi moja tu ya uwezo wa maji. Bonge kubwa la nta likianza kuganda, tabaka la nje lililokwisha kuganda hugeuka blanketi na kulifungia ndani joto lililobaki. Joto lipo, ila halitoki.

Dawa yake ni kuigawa nta vipande vidogo. Lita moja ya nta ikifanywa tufe moja ina uso wenye eneo la kama sentimita za mraba 484, ukubwa wa karatasi mbili ndogo za daftari. Nta hiyo hiyo ikigawanywa kuwa matone yenye upana wa maikromita 10, ambayo ni elfu ya sentimita, nyuso zake zikijumlishwa hufikia mita za mraba 600, kupita eneo la kiwanja cha netiboli. Joto hupata milango mingi kiasi hicho ya kuingia na kutoka.

Namna ya kutengeneza kapsuli hizo si ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kutikisa mafuta na maji ya sabuni ndani ya chupa. Nta iliyoyeyushwa humiminwa katika maji ya moto yenye kitu kinachofanya kazi kama sabuni, kisha hukorogwa kwa mashine ya kasi hadi iwe matone madogo yanayoelea. Baadaye huongezwa kemikali zinazojiunga na kuwa plastiki juu ya uso wa kila tone. Mchanganyiko ukipoa na kukaushwa, kinachobaki ni unga mweupe mkavu usiolowesha mkono hata nta iliyo ndani yake inapokuwa imeyeyuka.

Ufundi wa aina hiyo ulianzia kwenye karatasi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya National Cash Register ya Marekani, kwa kazi ya mkemia Barrett Green, ilileta sokoni karatasi za kutoa nakala bila kaboni. Nyuma ya karatasi ya juu kuna kapsuli za wino usio na rangi, na kalamu ikiandika huzipasua. Vitabu vya risiti vya namna hiyo vimeenea hata katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Tofauti ni kwamba kapsuli ya risiti hutengenezwa ili ipasuke, ilhali ya nta inatakiwa isipasuke baada ya kuyeyuka na kuganda mara elfu kadhaa. Katika miaka ya 1980 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilifadhili utafiti wa kutia kapsuli za nta kwenye glovu za wanaanga, na kutokana na kazi hiyo kampuni ya Outlast ya jimbo la Colorado ilianza kuuza nguo zenye nta ndani ya nyuzi zake.

Ganda lina gharama zake. Kapsuli ambayo asilimia 20 ya uzito wake ni plastiki hubaki na kilojuli 160 mahali pa 200. Maganda ya awali yalitengenezwa kwa melamini na fomaldehaidi, kemikali ambayo mabaki yake hayafai kuvutwa ndani ya nyumba, na ndiyo maana watengenezaji wengine wamehamia kwenye plastiki za akriliki na hata maganda ya silika, mada ile ile inayounda mchanga.

Tena tone dogo hukawia kuganda. Katika bonge kubwa, punje moja ya uchafu hutosha kuanzisha kuganda kwa nta yote. Katika mamilioni ya matone yaliyotengana kila moja lazima lianze lenyewe. Nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 28 yaweza kungoja hadi ishuke nyuzi kadhaa chini ya hapo ndipo igande. Watengenezaji huchanganya nta ngumu kidogo ili iwe mbegu ya kuanzishia.

Si kila kazi inahitaji unga huo. Kwa matumizi mengi ya vijijini mfuko au mpira hutosha. Amy Smith, mhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani ambaye hapo kabla alifanya kazi ya kujitolea Botswana, alibuni kikasha cha kukuzia bakteria wa maji machafu kisichohitaji umeme. Ndani yake mna mipira yenye dutu inayoshikilia nyuzi 37 kwa saa 24 ikishapashwa moto. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Lemelson-MIT mwaka 2000. Hata hivyo mfuko wowote haufai. Parafini hupenya taratibu kwenye plastiki laini ya polithini, na mifuko ya kawaida ya sokoni huanza kuwa na mafuta kwa nje. Inahitajika mifuko yenye tabaka la karatasi ya alumini ndani yake.

Chanjo na hatari ya barafu

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pentavalenti mwaka 2009, inayowakinga watoto dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib. Januari 2013 ilifuata chanjo ya nimonia, na mwaka 2018 ile ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana. Zote tatu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na zote tatu huharibika zikiganda. Ndani yake mna chumvi ya alumini inayosaidia mwili kuitambua chanjo. Ikiganda hushikamana mabonge, na ikiyeyuka hairudi ilivyokuwa.

Chanjo ya surua na ile ya matone ya polio, kinyume chake, huvumilia kuganda. Kwa miaka mingi hofu kubwa ya mnyororo baridi ilikuwa jua, na kila mhudumu alifundishwa kwamba baridi ikizidi ndiyo salama zaidi. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu au safari za chanjo zilizochunguzwa zilikuwa zimeifikisha chanjo kwenye nyuzi za kuganda. Barafu iliyowekwa kuilinda ndiyo iliyoiharibu.

Utaratibu uliopo unamtaka mhudumu anayekwenda kutoa huduma za mkoba azitoe pakiti za barafu kwenye friza na kuziacha mezani hadi akizitikisa asikie maji yakicheza ndani, ndipo azipange kwenye kikasha. Ni utaratibu mzuri, lakini unakula muda, na asubuhi pikipiki ikiwa inangoja nje huwa rahisi kuurukwa.

Nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 5 au 6 haiwezi kugandisha chanjo kwa njia yoyote ile baada ya kutulia kwenye nyuzi zake. Hapa ndipo dutu za kikaboni zina hoja isiyopingika, kwani barafu hushindwa si kwa udhaifu wake bali kwa ukali wake. Kuna vikwazo. Pakiti ya nta hubeba baridi pungufu kwa uzito ule ule, huigharimu serikali zaidi, na ikitolewa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuachwa kwanza, huwa na ukali ule ule wa barafu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikubali pia vikasha vyenye ukuta wa kinga kati ya barafu na chanjo, ambavyo mhudumu hahitaji kungoja chochote. Kwa kituo kilicho na friza moja, njia hiyo huenda ikawa nyepesi zaidi.

Mfano wa upande mwingine ulionekana nchi jirani. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kwa chanjo iliyotakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Barafu ya maji ni moto mno kwa kazi hiyo. Chanjo ilisafirishwa katika vyombo vya Arktek, mfano wa chupa kubwa za chai, vikiwa na dutu maalumu inayoganda kwenye nyuzi hizo za chini na kudumisha baridi kwa siku kadhaa porini.

Mtoto njiti na maziwa ya jioni

Nyuzi 37 ni joto la mwili, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kulitunza mwenyewe. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza kubuni mfuko wa kumlaza mtoto njiti, ambao baadaye ulipewa jina la Embrace na kuanza kutumika India. Ndani yake huwekwa pakiti ya dutu mfano wa nta, inayopashwa moto kwa muda mfupi kisha ikashikilia nyuzi za mwili kwa saa kadhaa. Unafaa hasa mtoto anaposafirishwa kutoka kituo cha afya kwenda hospitali. Pakiti lazima ikaguliwe kabla ya kutumika, maana ikipashwa kupita kiasi na nta yote kuyeyuka, joto huendelea kupanda kama kitu kingine chochote.

Isisahaulike kwamba kifaa bora kuliko hicho ni kifua cha mama. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza huduma ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa asilimia 25 katika siku 28 za mwanzo, ikilinganishwa na kungoja hali zao zitulie. Mfuko wa nta ni wa pale mama anapokuwa chumba cha upasuaji au hajiwezi.

Maziwa yana hesabu tofauti. Handeni ni wilaya ya wafugaji, na katika muongo wa 2010 ilikuwa miongoni mwa wilaya nne zilizofanyiwa kazi na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, katika mradi wa kuimarisha soko la maziwa, pamoja na Lushoto, Kilosa na Mvomero. Maziwa ya asubuhi hufika kwenye kituo cha kukusanyia. Ya jioni hulala nyumbani na kuchacha. Kupoza kopo la lita 20 kutoka nyuzi 37 hadi 10 huhitaji kuondoa takriban kilojuli 2,200. Barafu hufanya kazi hiyo kwa kilo 6 hivi. Nta ya nyuzi 6 ingehitajika kilo 10 na nusu, na ikiwa ndani ya kapsuli zenye ganda zito, 13. Maziwa hayadhuriki kwa kuguswa na kopo la barafu. Anayemuuzia mfugaji wa Handeni pakiti za nta kwa kazi hii anamuuzia mzigo.

Bati na nta ya nyuki

Ulaya unga wa kapsuli umechanganywa kwenye mbao za jasi za kuta na dari. Ule wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, ulioitwa Micronal, ulikuwa na aina za kuyeyuka kwenye nyuzi 23 na 26. Wazo linavutia kwa nyumba ya bati, ambayo mchana hupata moto kupita nyuzi 50. Lakini nta iliyoyeyuka mchana lazima igande usiku, la sivyo kesho yake haina kazi. Mjini Tanga, ambako usiku wa Februari joto huzunguka nyuzi 24, dari ya nta ya nyuzi 23 ingebaki majimaji msimu mzima. Handeni iko juu zaidi na usiku wake hupoa zaidi, hivyo aina ya nyuzi 26 au 28 ina nafasi, mradi madirisha yafunguliwe usiku. Parafini pia huungua, na dari inayoibeba lazima ipimwe kwa moto kabla ya kuruhusiwa juu ya vichwa vya watu.

Malighafi iliyo karibu zaidi na Chanika ni nta ya nyuki, kwa kuwa wilaya hiyo ina wafugaji wa nyuki wa siku nyingi. Huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Hizo ni nyuzi za juu mno kwa chanjo, kwa mtoto na kwa dari, ila zinafaa kwa kikaushio cha jua cha muhogo au matunda, ili joto la mchana liendelee kukausha baada ya magharibi. Hapo haihitajiki kapsuli ya kiwandani. Vinatosha vyombo bapa vya alumini vyenye kina cha sentimita 2 au 3, vilivyoachiwa nafasi ya kutanuka na kuzibwa, vikipangwa kwenye njia ya hewa. Nta hiyo hiyo ikiwekwa yote kwenye ndoo moja ya lita 20, alfajiri hukutwa imeganda kandokando tu, katikati ingali majimaji ya moto, na muhogo umepoa tangu usiku.